Giza Lisitufanye Tukubali Makaa ya Mawe



Stima ikipotea saa moja usiku, kinyozi anazima mashine mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Dada anayeuza aiskrimu anatazama friza ikiyeyuka. Hasara hiyo ni ya kweli, na anayetuambia hakuna uhaba wa umeme Kenya anatudanganya. Mwaka 2025 Rais Ruto mwenyewe alikiri kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku, baadhi ya sehemu za nchi hukatiwa stima kwa sababu haitoshi.

Lakini giza likizidi, kuna maneno hurudi: "Lau tungejenga kile kiwanda cha makaa ya mawe Lamu, saa hizi tusingeteseka."

Basi tukumbushane. Mradi ulikuwa ujengwe Kwasasi, wa megawati 1,050, na makaa yenyewe yaagizwe kwa meli kutoka Afrika Kusini. NEMA iliupa leseni mwaka 2016. Watu wa Lamu wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Kwa nini? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla ripoti ya athari haijakuwa tayari. Mvuvi aliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakuonyeshwa. Oktoba 2025, mahakama ya Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni.

Sasa tupige hesabu. Kenya nzima, saa ile tunatumia stima zaidi, ilifika kama megawati 2,400 mwaka 2025. Uhaba wetu ni wa saa chache za jioni. Kiwanda kile kingekuwa na mkataba wa miaka 25 wa kulipwa hata kama umeme wake hautumiki. Na anayelipa ni nani? Ni wewe, kwenye tokeni. Moshi na majivu yabaki Lamu, bili ije kwetu sote.

Na usiku wa manane mambo hugeuka. Watu wamelala, na mvuke wa Olkaria wakati mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Kwa hivyo tunachokosa zaidi ni betri za kuhifadhi umeme mpaka jioni, na nyaya za kuufikisha. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilikamilika 2017 ikakaa bure mpaka 2018 kwa sababu laini ya stima haikuwa tayari. Mvuke wa ardhini upo usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Huo ndio wa kuongezwa, pamoja na sola na betri.

Ila tusiwe na upendeleo. Upepo ni safi, lakini mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo wa Turkana zilipatikana kinyume cha sheria. Mfugaji wa Marsabit ana haki sawa na mvuvi wa Lamu. Kawi safi iliyochukua ardhi ya watu bila kuwauliza bado ni dhulma.

Kwa hivyo ndugu yangu, dada yangu, ukisikia kikao cha maoni ya umma kuhusu mradi wa stima kwenu, wa aina yoyote ile, nenda. Usimwachie mzee peke yake. Uliza maswali matatu: Ripoti ya athari iko wapi, na iko kwa Kiswahili? Mkataba unatulipisha nini tusipotumia umeme? Ardhi hii ilipatikana vipi?

Wasipojibu, andika hivyo kwenye maoni yako na uweke sahihi. Kesi ya Lamu ilishindwa na watu wa kawaida walioweza kuonyesha kwamba hawakuulizwa.

Stima tunaitaka, tena haraka. Lakini shida isitufanye tuuziwe mbuzi kwenye gunia.