Ratiba ni Yangu, Safari ni Yenu

Nataka kugombana na wale wanaosema kusafiri ni uamuzi tu. Mnawajua. Wanaweka picha ya treni ikikata theluji, halafu chini yake wanakuandikia: acha visingizio, weka akiba, panga, nenda. Sawa. Mimi kupanga najua. Kupanga ndiyo kazi inayonilipia keja.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo nakula kwa kuandika vitu vya watu wengine: maelezo ya viatu, wasifu wa mawakili, na kwa miaka miwili sasa, ratiba za safari. Ratiba moja ni shilingi 3,500. Nikiwa hapa Zimmerman, stima ikipotea na kurudi, nawapeleka Wamarekani kwenye milima ya Alps bila kuwapoteza hata steji moja. Sijawahi kufika huko. Lakini ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia treni ya kupanda.

Hebu niwaonyeshe. Mwaka jana mteja mmoja aliniambia ana siku nne, anataka vijiji, milima na makasri, na hataki kuendesha gari. Nilimpangia hivi.

Siku ya kwanza: Munich hadi Füssen, kama saa mbili kwa treni, halafu basi la dakika chache hadi Hohenschwangau, chini ya kasri la Neuschwanstein. Tiketi ya kasri ina saa yake ya kuingia. Ukichelewa, kundi lako linaingia bila wewe, kwa hivyo nunua mapema. Na usidhani hilo ni kasri la kale la mashujaa wa panga. Mfalme Ludwig II wa Bavaria alianza kulijenga 1869, wakati reli zilikuwa zimeshaenea Ulaya. Alikopa hadi shingoni, akatangazwa hana akili timamu, akafa Juni 1886. Wiki chache tu baadaye, watu walikuwa wanalipa kiingilio.

Siku ya pili ndiyo huwaangusha wanaopanga kwa kuangalia ramani. Innsbruck inaonekana iko karibu, lakini reli ya Füssen inaishia papo hapo. Unashika basi la kuvuka mpaka hadi Reutte, Austria, unapanda treni ndogo hadi Garmisch-Partenkirchen, kisha unabadilisha tena kuelekea Innsbruck. Lala hapo.

Siku ya tatu, ondoka asubuhi kwa treni ya moja kwa moja hadi Zürich kupitia Arlberg, kama saa tatu na nusu. Kutoka Zürich, mtu wa haraka hupitia handaki jipya la Gotthard, kilomita 57, lililofunguliwa 2016. Anakaa gizani na milima yenyewe haioni. Mimi humwambia mteja achukue treni ya njia ya zamani. Reli inapanda ikijizungusha ndani ya mlima, na kanisa la kijiji cha Wassen unaliona mara tatu: kwanza liko juu yako, kisha usawa wako, kisha chini. Unapita Göschenen, unaingia handaki la 1882, kilomita 15, unatokea Airolo, na ghafla mabango ya steshoni ni Kiitaliano. Lala Bellinzona. Siku ya nne zunguka ngome zake tatu, Castelgrande, Montebello na Sasso Corbaro, halafu panda treni ya Milano ukashike ndege.

Mteja alienda. Akanitumia picha ya kanisa la Wassen, kioo cha dirisha kikiwa na ukungu, na ujumbe: kila kitu kilikuwa vile ulivyoandika.

Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilitaka kuliona hilo kanisa. Nikaweka akiba miezi 14, kama wale wa mabango wanavyoagiza. Nikachukua ratiba ile ile, nikabadilisha jina na tarehe, nikaenda kuomba viza.

Mmarekani anaingia kule bila viza hadi siku 90. Kwake ratiba ni ndoto ya kusoma na kahawa. Kwangu ilikuwa ushahidi wa kesi. Ada ni yuro 90. Ilipanda kutoka 80 Juni 2024, na hairudishwi. Kwa hesabu yangu, hizo ni ratiba nne za watu wengine. Ongeza bima isiyopungua yuro 30,000. Ongeza hoteli, taarifa za benki, na barua ya mwajiri. Mwajiri gani? Mwajiri ni mimi, mfanyakazi ni mimi, na wote wawili tumesota. Pesa yangu inaingia M-Pesa na kutoka kabla haijapoa.

Ofisi siitaji. Afisa aliangalia ratiba yangu kwa muda, akauliza, “Kwa nini milima? Kwani Kenya hamna milima?”

Nikamwambia tunayo. Kilele cha Mlima Kenya ni mita 5,199, kimeipita Mont Blanc. Hakucheka.

“Sasa unaenda kufanya nini?”

“Kuona.”

“Kuona tu?”

“Kuona tu.”

Baada ya wiki mbili nikapata karatasi yenye visanduku. Kimoja kilikuwa kimetiwa alama: maelezo kuhusu madhumuni na masharti ya safari hayaaminiki. Hayaaminiki! Treni zile zile, steji zile zile, tiketi ya kasri ya saa ile ile. Karatasi hiyo ikishikwa na mwenye pasipoti ya Marekani ilikuwa kweli tupu. Ikashikwa na aliyeiandika, ikawa uongo.

Najua jibu. Mtaniambia kuna wanaoenda na hawarudi. Wapo, sikatai. Na nchi ina haki ya kujua nani anabisha hodi. Lakini hapa nimehukumiwa kwa kosa la mtu nisiyemjua, halafu nikalipishwa gharama za hiyo hukumu. Muuza duka wa hapa mtaani akikataa kuniuzia mkate, habaki na pesa yangu. Angebaki nayo tungemwita mwizi, na mtaa ungejaa.

Kuna jambo linaloniuma kuliko hizo yuro 90. Sisi ni lazima tuwe na sababu. Ukienda kusoma, wanaelewa. Ukienda mkutano wa siku tatu wenye mwaliko na muhuri, wanaelewa. Ukienda kufanya kazi, wanaelewa kabisa: Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kuhamia huko kwa wafanyakazi wenye ujuzi, viongozi wakapeana mikono, magazeti yakajaa. Lakini ukisema unataka kukaa dirishani uangalie kanisa likipita mara tatu, ghafla unaonekana mtu wa hila. Mikono yetu ina njia ya kufika Alps. Macho yetu hayana.

Na kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba njia hiyo niliyoipanga yote imejaa alama za watu waliohama wakiwa maskini kuliko mimi. Hapo Arlberg, watoto wa familia fukara za Tyrol na Vorarlberg walivuka milima kwa miguu kila mwaka theluji ikiwa bado haijaisha, wengine wakiwa na miaka saba au nane, kwenda kutafuta kibarua kwa wakulima wa Swabia, Ujerumani. Ravensburg palikuwa na soko lao, mkulima anakuja anachagua mtoto wa msimu. Mambo hayo yaliendelea hadi karne ya 20.

Hapo Göschenen na Airolo, handaki la 1882 lilichimbwa hasa na vibarua kutoka Italia. Waliokufa kazini wanakaribia 200 kwa hesabu rasmi. Julai 1875 waligoma Göschenen kwa sababu ya hali ya kazi, wakapigwa risasi, wanne wakafa. Steshoni ya Airolo ina mnara wa kuwakumbuka vibarua hao. Mteja wangu amepita hapo, na wewe mwenye picha ya treni na theluji huenda unaposti reli yao. Hakuna aliyewadai taarifa za benki wakati mlima ulihitaji kutobolewa.

Na Bellinzona? Zile ngome nzuri za kupigia picha zilikuwa mpaka. Katika karne ya 15 watawala wa Milano waliziimarisha pamoja na ukuta mrefu unaokata bonde, ili Waswisi wa kaskazini wasishuke. Kufikia mwaka 1500 mji wenyewe ulikuwa umejiweka mikononi mwa Waswisi hao hao. Leo watalii wanapanda juu ya huo ukuta.

Na sisi wenyewe hatujapona. Januari 2024 serikali yetu iliondoa viza kwa wageni wote. Mzungu anajaza fomu kwa simu, analipa dola kama 30, anakuja kuona Mlima Kenya na hakuna anayemuuliza kama kwao hakuna milima. Vizuri, wageni nawapenda, wengine wananilipa. Lakini tulidai nini tulipofungua mlango? Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Mwenyeji bado yuko kwenye foleni na faili lake la plastiki.

Kwa hivyo nasema hivi. Ada ya viza irudishwe mtu akinyimwa, yote, si nusu. Atakayeandika kwamba maelezo yangu hayaaminiki aonyeshe mstari gani: ni basi la Reutte au ni kanisa? Mtu anayejilipa mwenyewe ahesabiwe kama mfanyakazi, maana nusu ya vijana wa mtaa huu hawajawahi kuona barua ya mwajiri na bado wanalipa kodi ya nyumba. Na wanaotuwakilisha, wakikaa tena mezani kuzungumzia mikono yetu, waulize pia kuhusu macho.

Nanyi wa mabango, ombi langu ni dogo. Mkiandika ratiba ya siku nne, anzeni na siku ya sifuri. Siku ya sifuri ni kuamka saa kumi alfajiri ukafike mjini kabla ya foleni, ni matatu mbili, ni yuro 90, ni kuulizwa kwa nini unataka kuona kitu kizuri. Kwa Mkenya, hiyo siku ya sifuri inaweza kuchukua miezi 14 na kuishia hapo hapo. Mkiiruka, msiniite mtu wa visingizio.

Wiki iliyopita mteja mwingine amenitafuta. Anataka Gotthard ya Desemba, siku tano, yeye na mama yake. Nimekubali; kodi ni tarehe tano. Nitamwandikia vizuri, kwa sababu mama wa mtu hana hatia. Nitamwambia amkalishe mama dirishani na wasilale kabla ya Wassen.