Asilimia 75 ya nini?

Nilikuwa Gare, Lushoto, kumsalimia shangazi, na nimerudi na swali ambalo sikuweza kulijibu.

Shangazi alikuwa ametunza gazeti lenye habari yangu ya Oktoba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopendekeza chanjo ya R21. Kichwa cha habari kilisema chanjo mpya inazuia malaria kwa asilimia 75. Akaniuliza: "Mwanangu, hiyo 75 ni ya muda gani? Na huku kwetu kwenye baridi, nako ni 75?"

Mimi mwenye digrii nikabaki kukuna kichwa.

Kumbe 75 ni ya mwaka mmoja, tena kwa sehemu ambazo malaria huja kwa msimu na watoto huchanjwa kabla yake. Kwa sehemu zenye malaria muda wote, Bagamoyo ikiwemo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa asilimia 68. Yaani niliwatangazia Watanzania namba ya Mali na Burkina Faso!

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni namba yenyewe inavyopatikana. Majaribio mengi ya chanjo hutumia kanuni ya Mwingereza David Cox ya mwaka 1972. Inalinganisha kasi ya watoto kuugua katika makundi mawili, waliochanjwa na wasiochanjwa, na kutoa namba moja. Sharti lake ni kwamba uwiano wa kasi hizo ubaki uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Sharti likivunjika, kompyuta hailalamiki. Inakutolea namba tu!

Ni kama kusema basi la Dar hadi Lushoto linakwenda wastani wa kilomita kadhaa kwa saa. Hesabu ni sahihi, ila haikuambii chochote kuhusu zile kona kutoka Mombo kupanda juu.

Sasa tushuke hapo chini tu, Korogwe. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya chanjo ya RTS,S kwa watoto 894 wa Korogwe na Kilifi, Kenya. Waliochanjwa waliugua kwa kasi pungufu kwa asilimia 53, baada ya kufuatiliwa karibu miezi 8. Ikasherehekewa sana. Watafiti wa Kilifi hawakuishia hapo. Waliwafuatilia watoto wao 447 kwa miaka minne na kukata hesabu mwaka kwa mwaka: mwaka wa kwanza kinga ilikuwa asilimia 43.6, mwaka wa nne -0.4, yaani hakuna kitu. Wangetoa wastani mmoja wa miaka yote, mteremko huo usingeonekana.

Kabla hujasema chanjo ni bure, soma na hii: katika miaka hiyo minne, kila watoto 100 waliochanjwa waliepushwa na matukio 65 ya malaria, kwa sababu kule mtoto mmoja huugua mara nyingi. Asilimia inashuka, faida ipo.

Na baridi ya shangazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima maambukizi hapa hapa Usambara, kutoka mita 300 hadi 1,700, ukakuta yanapungua zaidi ya mara elfu moja ukipanda. Mtoto wa Gare na wa Korogwe wako mkoa mmoja wa Tanga, lakini hatari zao hazifanani hata kidogo. Hata asilimia ya kinga ingekuwa moja kwao wote, idadi ya homa zinazoepushwa ingekuwa mbali kabisa.

Msimamo wangu ni huu, na najua wenzangu wa chumba cha habari watanicheka: asilimia isiyo na muda wala mahali isipande kwenye kichwa cha habari. Na kwenye mkutano na waandishi, kabla ya kuuliza chanjo inafika lini, tuulize walikaguaje kama kinga ilibaki ileile muda wote. Wataalamu wa takwimu wanalo jibu, mara nyingi lipo kwenye mchoro wa ukurasa wa tatu ambao hatuufungui.

Shangazi nimemwandikia barua. Nimeanza na 68, miezi 12, Bagamoyo.