Mgeni Hapokewi kwa Akidi

Huu ni mwezi wa pili sasa ambao wanachama wa jumuiya yetu wanabishana, majumbani, barazani, katika simu, na hata matangani ambako adabu ingewataka wanyamaze, juu ya swali moja ambalo mwandishi wa tahariri hii angependa lipate jibu kabla halijatugawa: je, azimio lililobadili kanuni ya mapokezi ya wageni katika mkutano mkuu uliopita lilipita kwa akidi halali, au lilipita kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumekwisha kwenda zetu?

Waliokuwapo wanajua, nao si wengi. Kanuni ya kale, ambayo waasisi wetu waliiweka wakati jumuiya haina gari wala ofisi, ila mkeka na birika la kahawa, ilisema kwamba mgeni wa mwanachama yeyote, atoke Kigoma, Mombasa au Maskati, akifika Lubumbashi na mizigo yake atalakiwa na watu wawili mahali ateremkapo, iwe ni uwanja wa Luano kwa ndege au mjini kwa basi, nao wataandamana naye mpaka mlangoni kwa mwenyeji wake. Gari liliponunuliwa, lilinunuliwa kwa sababu hiyo na si nyingine. Kanuni mpya yasema kwamba gari litatoka kwa ajili ya maiti, wagonjwa, na wajumbe wa halmashauri walio katika kazi ya jumuiya. Ama wageni wengine, watatumia vyombo vya abiria vya mji kama watu wote, ila ikiwa mwenyeji ameandika ombi katika daftari la mapokezi kabla ya adhuhuri ya Alhamisi, na ombi likatiwa saini mbili, ya katibu na ya mweka hazina, ndipo hati ya petroli itolewe.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo msomaji ataniwia radhi nikiirefusha, kwa kuwa ndiyo iliyoninyima usingizi. Wanachama waliolipa ada ni 66. Akidi, kwa ibara ya 11 ya katiba yetu, ni thuluthi, yaani watu 22. Daftari la mahudhurio lina saini 24, nami nimezihesabu mara tatu, nikaona mbili zimeandikwa kwa mkono mmoja, jambo ambalo katibu amelieleza kwamba mume alimtilia saini mkewe aliyekuwa jikoni akipakua pilau. Na madhali mke alikuwa ndani ya ua uleule, sina la kusema. Lakini kura ilipopigwa, baada ya Magharibi, mikono iliyoinuka ilikuwa 9 ya kukubali na 6 ya kukataa, jumla 15. Hao wengine walikuwa wamekula, wamenawa, na wameondoka. Ibara yasema mkutano hautafunguliwa mpaka akidi itimie. Haisemi hata neno moja juu ya saa ya kura. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba azimio ni batili hawana ibara ya kushika, na wale wanaodai kwamba ni halali wanayo ibara, lakini hawana cha kujivunia. Na wale 42 ambao hawakufika kabisa, ambao leo ndio wenye sauti kubwa kuliko wote, wangetufaa zaidi siku ile wakiwa wamekaa kimya kitini.

Hayo yote yangeweza kungoja, lau wageni nao wangengoja. Alhamisi ya juma la kwanza baada ya azimio, bibi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Tanga, aliingia mjini kutoka mpakani Kasumbalesa akija kuhudhuria arusi ya mjukuu wake. Mwenyeji wake alikwenda kuandika daftarini saa saba mchana, adhuhuri imekwisha kupita, na katibu wetu, ambaye ni mtu mwaminifu hata kupita kiasi, akalifunga daftari. Gari lilishinda chini ya mwembe. Mimi mwenyewe nilipita nikaliona, na juu ya boneti lake amelala paka. Mwenyeji naye, badala ya kwenda kumlaki mgeni wake kwa miguu yake mwenyewe, akaenda kumtafuta mwenyekiti amlalamikie. Bibi akateremka kituoni jua linatua, na sanduku moja, kifurushi kimoja na mkoba, akangoja hata akachoka, kisha akafanya kama ambavyo angefanya Tanga: akasimamisha basi dogo la abiria.

Kondakta alilipokea sanduku kwa heshima, akalitia nyuma, akamwonyesha bibi kiti cha mbele karibu na dereva, ambacho ni kiti cha taadhima. Kila mtu aliyetenda jambo katika kisa hiki alitenda kwa heshima. Walipofika soko la mtaa wa Kenya mlango wa nyuma ukafunguliwa, magunia ya watu yakashuka, na sanduku likashuka pamoja nayo. Ndani yake mlikuwa na doti sita za kanga, dawa za shinikizo la damu, na nguo ya bibi arusi. Pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, alhamdulillahi, zilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa kifuani. Na alipoteremka mwisho wa safari, nusura agongwe na pikipiki.

Juu ya hilo la pikipiki nataka nikae kidogo, kwa maana naona hata wenyeji wetu wa miaka ishirini hawajalifikiri. Huku Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, na hata Zambia tunakopitia, hupita kushoto, na mtu akivuka mpaka pale Kasumbalesa hubadilishiwa upande wa dunia bila ya kuambiwa. Mgeni wetu akitaka kuvuka njia hutazama kulia kwanza, kama alivyofunzwa na mama yake, ilhali mauti yanamjia kutoka kushoto. Hiyo ni nusu ya hatari. Nusu ya pili ni kwamba mabasi madogo mengi yanayotuchukua hapa yaliundwa kwa ajili ya Japani, ambako watu hupita kushoto, na kwa hiyo mlango wa abiria umewekwa ubavu wa kushoto ili mtu ashukie kando ya njia. Yakiletwa huku, usukani ukihamishwa au usipohamishwa, mlango hubaki palepale ulipotobolewa kiwandani, na abiria hushukia katikati ya barabara, mahali ambapo waendesha pikipiki, hao ambao mji mzima huwaita manseba, hupenya kama maji katika ufa. Mtu aliye mwepesi huruka. Bibi mwenye kifurushi kichwani haruki. Nasaha yangu basi ni moja, na ningependa kila mwenyeji amsomee mgeni wake kabla hajafunga mizigo: akishuka, ashuke mtu kwanza na mikono mitupu, ageuke nyuma ya gari atazame, ndipo apokee mzigo, asishuke abadan akikumbatia sanduku linalomziba macho.

Kisha kuna habari ya mahali mzigo unapokaa. Mzigo uliowekwa nyuma au juu ya paa si wako tena, ni wa yule atakayeshuka kabla yako. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili, mzigo wa juu ya paa ni wa mvua. Aliye na sanduku asiloweza kulipakata na alipe nauli ya viti viwili, alikalishe kando yake kama mtoto, na alipe kabla gari halijaondoka, kwa falanga, tena noti ndogo ndogo, maana kutoa dola mbele ya abiria kumi na watano ni kuhutubia. Fauka ya hayo, dola yenye mchaniko wa upana wa ukucha huku haipokelewi, na mgeni atabaki akibishana huku mkoba u wazi. Aliye na masanduku mawili na asipande basi, wala asipande pikipiki na sanduku moja mbele na jingine nyuma kama tunavyowaona vijana wakifanya kwa kicheko; akodi taksi nzima, aliyotafutiwa na mwenyeji anayemjua dereva, na akikuta ndani yake wamo wanaume wawili watatu wanaomkaribisha kama ndugu yao, ashukuru, angoje nyingine. Simu ikae mfukoni, hasa mbele ya majengo ya serikali na askari, kwa kuwa picha moja ya ukumbusho yaweza kumgharimu mtu siku nzima ya maelezo. Na mwenyeji asisahau kumwambia kwamba saa ya Lubumbashi iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa moja, kwani nimekwisha kuwaona wawili waliolaumiana bure, huyu kaja mapema na yule hakuchelewa.

Wako wanaosema, na yule ndugu yetu wa Katuba amelisema mara nyingi akiwa amesimama, kwamba mgeni ajuaye Kiswahili hawezi kupotea katika mji wa Waswahili. Hilo ni kweli kwa nusu. Kijana mmoja wa Mombasa alituchekesha mwaka jana: alimsikia kondakta akinadi “Kenya! Kenya!” akaja mbio kumwuliza kama safari ni ya siku ngapi, naye hajui kwamba Kenya ni mtaa wetu wa sokoni. Kiswahili chetu cha pwani wenyeji hukiita Kiswahili bora, nao hukisikiliza kwa heshima. Lakini mtu asemaye “watu” pale wanaposema “batu” amekwisha kujulikana kuwa ni mgeni kabla hajaulizwa, na ujuzi huo humfikia mwema na mwovu kwa wakati mmoja. Wengi wa watu wa mji huu ni wema, na aliyemshika bibi yetu mkono asiangushwe na ile pikipiki alikuwa mama muuza mboga, asiyemjua, wala hajapata kusikia kwamba kuna jumuiya.

Tukumbuke pia kwamba ni mizigo iliyokileta Kiswahili hapa. Kabla ya reli kutoka kusini kufika mwaka 1910 na mji kuzaliwa kwa jina la Elisabethville, ambalo lilidumu mpaka 1966, misafara ya wapagazi wa Unyamwezi na wa pwani ilikwisha kufika Bunkeya kwa mfalme Msiri, aliyekuwa Mnyamwezi naye, ikichukua nguo na bunduki na kurudi na shaba na pembe. Na msafara wa Mzungu Stairs, uliomkuta na kumwua Msiri Disemba 1891, nao ulitoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi. Watu wale hawakuacha mzigo wa mwenzao njiani ukisubiri saini mbili. Na wasomaji wa mambo ya mji huu wanajua kwamba mwaka 1965 watumishi wa zamani wa majumba ya Wazungu, watu waliopika na kufua maisha yao yote, walijikusanya wakamfanya André Yav aandike tarehe ya mji kwa Kiswahili cha hapahapa, na kazi hiyo leo inasomwa vyuoni. Wapishi waliweza kukubaliana juu ya kitabu kizima. Sisi, ambao miongoni mwetu wamo wahasibu na mawakili, tumeshindwa juu ya lita kumi za petroli.

Simlaumu mweka hazina. Petroli ni ghali, gari ni kuukuu, na ni kweli kwamba baadhi yetu tulikuwa tukiandika “mgeni” daftarini na gari likaonekana likibeba saruji. Wahusika wanajijua, na mmoja wao aliipigia kura kanuni mpya kwa mkono wa kulia. Lakini dawa ya saruji haikuwa kumwacha bibi njiani. Rai ya jarida hili ni kwamba ibara ya 11 irekebishwe, akidi ihesabiwe saa ya kura. Kwamba adhuhuri ya Alhamisi ifutwe, kwa kuwa basi litokalo Dar es Salaam haliijui. Kwamba saini moja itoshe. Na kwamba mzee yeyote, na mama yeyote mwenye watoto, alakiwe na watu wawili hata kama gari halina tone, kwa miguu, kama zamani. Mkutano umeitishwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao baada ya Alasiri, na safari hii pilau itapakuliwa baada ya kura. Asiyekuja asiniandikie barua.

Bibi yetu anarudi kwao Jumatano kwa basi la alfajiri, na sanduku la kuazima. Daftari la mapokezi liko kwa katibu, na katibu amekubali, kwa hisani yake na si kwa kanuni, kuliacha wazi usiku na mchana kwa ajili ya watakaomsindikiza mpaka kituoni. Mpaka jarida hili linapokwenda kupigwa chapa, ukurasa ule una jina moja, nalo ni langu.