Mlango wa pili wa chekechea

Askari hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba king'ora kikilia, kila mtu ajue mahali pake. Je, watoto wetu walioko katika chekechea za kambi nao wana mahali pao?

Tarehe 5 Juni 2009, mjini Hermosillo, nchini Meksiko, moto ulitoka katika ghala jirani ukaingia nyumba ya kulelea watoto. Watoto 49 walikufa. Mlango wa dharura haukufunguka; kijana mmoja aliugonga ukuta kwa gari lake mpaka ukatoboka, ndipo wengine wakaokolewa.

Twausifu ushujaa huo, lakini haifai kuungoja. Mtoto mchanga hakimbii, hubebwa. Silaha yake ni walezi wa kutosha, mlango wa pili usiotiwa kufuli, kitanda chenye magurudumu cha kuwasukumia wachanga kadhaa pamoja, orodha ya majina na mazoezi ya mara kwa mara.

Twawasihi makamanda wa jeshi na wa polisi wavikague vyumba hivyo kama wakaguavyo ghala la silaha. Askari aliye mpakani hulinda vyema akijua kwamba mwanawe naye analindwa. Tahadhari kabla ya hatari.