Si Chango Tu

Akina mama wengi huumwa tumbo chini ya kitovu, wakavumilia, wakaenda shambani. Iwe ni Rungwe Mpya wilayani Kasulu au penginepo, aghalabu huambiwa kuwa ni chango. Watoto wasipopatikana, lawama zote humwangukia mama. Ndugu wasomaji, lawama hizo mara nyingi hazina haki.

Maumivu hayo yana sababu nyingi. Mojawapo ni bakteria wanaopanda kutoka ukeni, wakapita mlango wa kizazi na kuingia katika mji wa mimba na mirija ya uzazi. Wanaojulikana sana ni wale wa kisonono, waliogunduliwa na daktari Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879, na wale wa klamidia. Wapo na wengine wanaoishi mwilini siku zote, wakapata njia ya kupanda, hasa baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Wasipotibiwa mapema, huacha makovu yanayoziba mirija. Hapo huweza kuzuka ugumba, au mimba kutunga nje ya mji wake, jambo linaloweza kuua.

Ubaya wa klamidia ni ukimya wake. Mume aweza kuwa nayo asihisi lolote, akamwambukiza mkewe. Kwa hiyo kumtibu mama peke yake ni kuteka maji kwa pakacha.

Wala zahanati ya kijijini isidharauliwe. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, magonjwa ya zinaa yalitibiwa katika vituo vya kawaida vya vijijini, kwa kufuata dalili za mgonjwa. Maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika vijiji hivyo yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi, yakilinganishwa na vijiji vingine.

Mama mwenye maumivu hayo, uchafu wenye harufu, homa, au damu isiyo ya mwezi, na aende mapema akapimwe. Dawa huwa zaidi ya aina moja, mara nyingi kwa siku 14, nazo zimalizwe hata maumivu yakikoma. Asijinunulie ovyo, penisilini iliyowaponya wazee wetu haikiwezi tena kisonono cha leo. Aliyekosa hedhi, kisha akashikwa na maumivu makali au kuzirai, akimbizwe hospitali mara moja.

Na bwana anayetamani mtoto, aanze kwa kufuatana na mkewe akapimwe naye.