Modeli Haijaharibika, Ni Vile Hujaipima

Makomredi, tuambiane ukweli. Kila msimu wa projekti ni wimbo ule ule: "Hii modeli ya chipu imeharibika." Kisha mtu anafuta LTspice, anaiweka upya, anapakua faili ingine kutoka pahali hajui, anabadilisha badilisha hadi mawimbi yapendeze macho. Huko si kutafuta kosa. Huko ni kupiga ramli.

Chukua geti la AND linalokuja na LTspice. Ukiliacha vile lilivyo, linatoa volti 0 na 1. Si 5. Halina hata pini ya umeme. Ukiliwekea transista inayohitaji volti 3 ndio iwake, itakaa kimya hadi kesho, na programu haina makosa. Andika Vhigh=5, maisha yaendelee. Hiyo iko kwenye maelezo yake, lakini nani husoma?

Sasa enda kwa 7400 halisi. Pini 14, mageti manne ya NAND, umeme pini ya 14, graundi pini ya 7. Programu kadhaa huficha hizo pini mbili kwenye skrini. Msee anafika kwa bredibodi, hajaziunganisha, halafu analaani chipu.

Ama hii: TTL ya 5V inakuahidi volti 2.4 peke yake ikisema "juu". 74HC kwenye 5V inataka kama 3.5. Geti la kubuni kwenye skrini litakuambia zinaelewana. Mezani zinaweza kukataa kabisa. Dawa ni 74HCT, ambayo 2 inaitosha. Modeli inajua tu kile mwenye kuiandika aliamua kuweka, hata kama ametoka kampuni kubwa.

Najua mtaniambia datashiti ni ndefu. Sawa, lakini huhitaji yote. Toa chipu moja kwenye saketi, iweke peke yake, ipe palsi, pima volti na muda inaochelewa, linganisha na jedwali. Ni dakika kumi. Kaunta ikikuonyesha X tangu mwanzo, ipe riseti kwanza, kwa sababu hakuna aliyeiambia ianzie wapi.

Na walimu wanaotoa alama kwa skrinshoti, hamjajificha. Mnamfundisha mtoto wa watu kupamba picha, mzazi akiendelea kuuza ng'ombe alipe karo. Siku ataajiriwa kutengeneza bodi ya pampu ya maji, kijiji hakitakunywa skrinshoti. Dai langu ni moja: alama zitolewe kwa karatasi ya vipimo, modeli upande huu, chipu halisi upande ule.

Ndio, mimi niliacha chuo. Volti haiulizi digrii. Anayebisha alete vipimo.