Maji ya Tana Yasigawanywe Gizani

Mto Tana huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,000 hadi baharini karibu na Kipini. Nairobi huyanywa maji yake, ijapokuwa jiji lenyewe limo katika bonde la Mto Athi. Mabwawa matano, tangu Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, huyatumia kuzalisha umeme. Akaaye mwisho wa mto hupata kinachosalia.

Hatupingi jiji kunywa. Tunachokikataa ni hesabu. Mabwawa hayo yalipangwa kwa mvua za zamani na kwa taifa dogo: sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 10.9, ile ya 2019 milioni 47.6. Mvua nazo zimeacha ada yake. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Masika ya 2024 yakaja na gharika. Mpangaji ategemeaye wastani wa miaka iliyopita anajenga juu ya mchanga.

Kule kwenye delta, mafuriko ya kiasi si maafa. Wapokomo hupanda mpunga maji yanapojitenga. Waorma huleta ng'ombe majani yanapochipua. Tangu Masinga likamilike mwaka wa 1981, mafuriko hayo yamepungua. Mwaka wa 2012 jamii hizo mbili zilipigana, wakafa watu zaidi ya 100. Siasa zilikuwamo, nani asiyejua? Lakini malisho na maji yalikuwamo pia.

Mpango wa bwawa la High Grand Falls, kubwa kuliko hayo yote, umezungumzwa miaka mingi. Katiba ya 2010, iliyopatikana kwa jasho na damu, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha katika Kifungu cha 43. Kifungu cha 69 kinaitaka Serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyatunza mazingira. Mkutano wa hotelini Nairobi, wenye karatasi za Kiingereza, hautimizi agizo hilo.

Twadai kwamba kabla ya saruji kumwagwa, mpango wowote wa mto huu usomwe kwa Kiswahili Hola na Garsen, useme ni maji kiasi gani yataachiliwa, mwezi gani, na mwaka wa ukame nani atapunguziwa kwanza. Makanisa na misikiti ya huko ina kumbi. Zifunguliwe.